Njia ya Majani na Geti la Chuma

Siku mliyoniaga mlichoma mbuzi wa ndafu, mkanivika kitenge, na msemaji akasimama akasema kwamba miaka yangu yote kambini nilikuwa mfanyakazi mtiifu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na nyama mdomoni, sikuweza kumkatiza. Sasa nimekwisha kumeza. Nilikuwa mchapakazi, nilikuwa mwaminifu, nilifika kazini masika na kiangazi, lakini mtiifu sikuwa. Ningekuwa mtiifu, ile njia inayopita katikati ya kambi yenu leo isingekuwapo. Ninawaandikia ninyi mnaotandika mahema na kuongoza wageni sasa, kwa sababu mnaikanyaga kila siku na sidhani kama mnajua ilinusurika vipi. Habari za vyeo na mishahara mtaniwia radhi, sitazigusa.

Mnaniita Mama Prosper, na jina langu la ubatizo ni Gaudensia. Nimezaliwa na kuolewa hapa hapa Kibosho, na kiambaza cha jiko langu kinaonekana kutoka kwenye hema lenu la mwisho. Kambi ilianzishwa na jirani yetu Aloyce, aliyefanikiwa Dar es Salaam akakumbuka kwao. Alichukua kihamba cha baba yake, yaani migomba na kahawa pale ukingoni mwa korongo, akaongeza vipande vya jirani waliokubali kuuza, akasimamisha mahema.

Siku yangu ya kwanza niliajiriwa kutandika vitanda. Kwangu mimi hema lilikuwa kitu cha wanajeshi, au cha watu waliokimbia mafuriko. Nikaingia nikakuta kitanda cha mninga, zulia, kioo kirefu, choo cha kuvuta maji, na bafu linaloletewa maji ya moto kutoka pipa linalochemshwa kwa kuni nyuma ya hema. Nikamuuliza Aloyce, "Kwani watu hawa kwao hawana nyumba?"

"Wanazo, Mama Prosper. Ndizo wanazozikimbia."

Sikumwelewa, lakini nikatandika. Nilijifunza haraka kwamba turubai halikunjwi likiwa bichi hata mgeni awe amekuharakisha vipi, maana litaota ukungu na ukungu hautoki. Nilijifunza pia kwamba kamba za pamba hukaza zikilowa. Mawingu yakianza kushuka kutoka mlimani, zunguka uzilegeze, la sivyo vigingi vitang'oka na mgeni atalala amejifunika paa. Najua mmeletewa kamba za nailoni siku hizi. Mawingu ni yale yale.

Sasa niwaeleze njia yenyewe. Sisi ng'ombe tunamfuga bandani, haendi malishoni, kwa hiyo majani ndiyo humfuata. Majani mazuri yako ng'ambo ya korongo. Asubuhi wanawake hushuka na mundu na kamba, wakavuka mto, wakakata, wakapanda na mzigo mpana kama mlango kichwani. Njia hiyo ilipita katika kihamba cha baba yake Aloyce kabla Aloyce hajazaliwa, na mahema yalipokuja ikajikuta inapita kati ya hema la kulia chakula na jiko. Aloyce aliiacha. Mama yake mwenyewe aliipita, na maziwa yaliyomlea yalitokana na majani hayo.

Aliyenitoa kwenye vitanda ni Mzee Deo. Alikuwa mpagazi mlimani ujana wake wote, magoti yakamwishia, Aloyce akampa kazi ya kusimamia njia za kutembeza wageni. Alihitaji mtu wa kushika sururu mahali pake. Alipolitaja jina langu, vijana waongozaji walicheka.

"Mnacheka nini?" akawaambia. "Huyu amelishuka korongo hili na kulipanda ana mzigo kichwani tangu hajaolewa. Ninyi mnashuka na chupa ya maji."

Kicheko kikaisha, angalau mbele yake. Nyuma yake kiliendelea mpaka masika ya kwanza, walipoanza kuniuliza wapite wapi.

Mzee Deo alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likanichosha: adui wa kwanza wa njia ni maji, mgeni ni wa pili. Kila baada ya hatua kadhaa tulichimba mfereji wa mshazari ukatao njia, ili maji yatoke kabla hayajapata nguvu. Mizizi ya miti hakuniruhusu kuikata, kwa kuwa ndiyo ngazi, na imejengwa na fundi asiyedai. Kwenye mteremko mkali alikataa katakata kumwaga zege. Alisema mgeni aliyetaka sakafu angebaki kwenye zulia lake. Njia yetu ilishuka na njia ya majani mpaka mtoni, ikavuka kwenye magogo, ikapanda mgongo wa kilima hadi mpaka wa msitu, na hapo tuligeuka, maana kule mbele ni hifadhi, siyo kwetu.

Ilikuwa njia ngumu na niliipenda hivyo. Masika moja bwana mmoja mnene, mtu wa heshima zake, aliteleza katikati ya mteremko akakaa kwenye tope, akatangaza kwamba hapandi wala hashuki. Tuliomba, tukabembeleza. Alitaka aletewe ndege. Nikakaa naye kwenye tope, nikammenyea ndizi, nikaanza kumsimulia ng'ombe wangu alivyozaa mapacha. Hapo chini yetu akatokea wifi yangu Restituta, dada wa marehemu mume wangu, amebeba majani yanayochuruzika maji, uso hauonekani.

"Pisha, baba," akasema.

Nikamtafsiria. Yule bwana akageuka, akaona miguu myembamba ya mama mtu mzima imesimama kwenye tope lile lile ikimngoja. Aliinuka bila kushikwa mkono, na alipopisha akaendelea kupanda, kwa aibu nadhani, mpaka juu. Chakula cha jioni aliwahadithia wenzake kwamba alimpisha bibi mmoja njiani. Mimi niliyemmenyea ndizi sikutajwa.

Kupisha huko si adabu ya kambi, ni desturi ya mlima. Asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo, hata awe padri. Na kuna la pili ambalo nataka mlishike, kwa sababu kisa changu chote kimesimama juu yake. Mzigo wa majani hautuliwi ovyo. Ukiutua, huwezi kujitwisha peke yako, ni mzito na mpana mno. Basi anayekukuta umetua lazima akutwike, na aliyekufanya utue ana deni kubwa zaidi: yeye ndiye wa kwanza kuinama. Nimeona watu waliopelekana mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba wakitwikana bila kusalimiana. Kumwacha mwanamke ameketi kando ya mzigo wake ni jambo litakalosemwa mpaka kwenye matanga yako.

Mzee Deo akafariki, nikabaki na njia zake. Aloyce naye akawa mtu mzima, akaja mara chache, na kambi akamkabidhi meneja aitwaye Erick. Sitamsema vibaya. Alirekebisha vyoo, alipiga marufuku kuwafokea wapishi, na wageni wakaongezeka. Ila hakukulia mlimani, na maziwa aliyajua ya pakiti.

Siku moja mgeni mama wa makamo alisimama pale njia inapobana, amenyanyua simu anapiga picha mto. Restituta alikuwa anapanda. Mwenye mzigo ule haoni zaidi ya vidole vya miguu yake. Majani yakamsukuma yule mama, akakaa mferejini, kifundo cha mkono kikateguka. Mwenyewe alicheka, akamwomba radhi Restituta, wakapiga picha pamoja. Lakini wakala wa Arusha aliyemleta hakucheka. Alimwandikia Erick kwamba jambo kama hilo likitokea tena, wageni wake atawapeleka kwingine.

Erick akaja kunitafuta kwenye banda la vifaa.

"Shikamoo, Mama Prosper."

"Marahaba, baba."

"Mama, nimeamua. Tunaweka geti upande wa korongo. Akina mama wa majani watazunguka na barabara."

"Barabara ipi?"

"Hii ya magari."

"Umewahi kuipita kwa miguu?"

"Bado."

"Na mzigo kichwani?"

"Mama, hii ni policy sasa. Usalama wa wageni kwanza."

"Na usalama wa wale akina mama ni wa ngapi?"

Nilimwambia nipe vijana, nitapanua njia pale inapobana, nichimbe mahali pa kupishania, na kila mgeni afundishwe kabla hajashuka. Akasema wazo ni zuri ila limechelewa, geti tayari linachomelewa Moshi mjini. Kisha akaweka ufunguo mezani mbele yangu, kwa kuwa njia zilikuwa chini yangu.

"Siuchukui," nikasema.

"Unakataa amri?"

"Nakataa. Ukitaka kumfungia wifi yangu njia aliyozaliwa akaikuta, funga kwa mkono wako."

"Mama, umebakiza muda mfupi ustaafu. Usijiharibie."

Niliogopa. Msije mkadhani nilikuwa shujaa. Prosper alikuwa bado anasoma, mume wangu nilishamzika, na kazi nyingine mtu wa umri wangu ataipata wapi? Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na ilikuwa hasira ya kuambiwa kwamba miguu iliyotengeneza njia haina haki ya kuikanyaga. Asubuhi nilikwenda kazini kama kawaida, na ufunguo ulikuwa bado uko mezani.

Geti likaja, la chuma, limepakwa rangi ya kijani ili lisichukize macho. Wanawake wakazunguka. Barabara yetu mnaijua ilivyo na mawe, na bodaboda hawampishi mtu. Restituta alirudi siku moja magoti yamechubuka na majani yamemwagika nusu. Mwingine akaacha kabisa, akauza ng'ombe wake. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi, maana ng'ombe ndiye aliyekuwa anamsomeshea wajukuu, na alimuuza ili watu wanywe chai bila kuona majani.

Wakaenda kwa Erick kulalamika. Kijana hakuwa na roho mbaya, akafikiri sana, akaja na suluhu. Wapite, ila wakifika getini watue mizigo, wangoje wageni wamalize chai, ndipo awafungulie. Alinieleza akiwa amefurahi kweli. Ningeweza kumwambia pale pale alichokuwa amekisema. Sikumwambia. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Restituta.

"Wifi, meneja amesema mtapita. Ila mtue getini."

"Tutue?"

"Ndivyo alivyosema."

Akanitazama. "Na atatutwika nani?"

"Hilo hakulisema."

Restituta akacheka mpaka akashika mlango. "Haya. Lini?"

"Aloyce anakuja Krismasi," nikasema. "Ngojeni siku anayofika."

Mnajua Desemba ilivyo kwetu. Kila Mchaga aliye mbali hurudi, na asiyerudi huulizwa amekufa au amefungwa. Asubuhi ile wageni walikuwa kwenye chai, wanawake wakapanda kutoka korongoni, wakafika getini, wakatua mizigo yao mmoja mmoja, wakaketi. Umande ulikuwa unachuruzika. Hawakuimba wala hawakupiga kelele. Chai ilipoisha Erick akaenda akafungua kufuli.

"Karibuni, mama zangu. Piteni."

Hakuna aliyeinuka.

"Nimefungua."

"Tumeona, mwanangu," Restituta akajibu. "Asante. Sasa tutwike."

Wangeweza kutwikana wenyewe, ndivyo tunavyofanya kila siku kule chini. Siku ile walikataa. Kijana mmoja mwongozaji, mtoto wa dada wa mmoja wao, aliinama ashike mzigo, Restituta akamzuia. "Niache, baba. Siyo wewe uliyetutua." Erick akajaribu mwenyewe, akashika kamba badala ya tita, majani yakamwagikia shati. Akasimama pale amechanganyikiwa, na wageni wamegeuza viti kutazama. Nilimwonea huruma, na sikusogea.

Gari la Aloyce likaingia na mkewe, wanawe na wajukuu. Alishuka na koti lake la safari, akatabasamu, kisha akaona mizigo chini. Tabasamu likaondoka. Akaja mpaka getini.

"Shikamoo, dada Restituta."

"Marahaba, Aloyce. Mmefika salama?"

"Salama. Mbona mmetua hapa?"

"Liulize geti lako."

Geti alikuwa amelikubali yeye, kwa simu, akiwa Dar. Alilitazama kana kwamba halijui. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Prosper, wewe ndiye mwenye njia hapa. Hiki ni kitu gani?"

"Njia zangu zote ziko wazi, mzee. Yenye geti siyo yangu."

"Umeyapanga haya?"

"Nimeyapanga."

"Mbele ya wageni wangu?"

"Na mbele ya wajukuu zako."

Akanisogelea. Sauti yake ilishuka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Unajua naweza kukuachisha kazi leo hii?"

"Unaweza," nikasema. "Ila mtwike kwanza."

Sijui alikuwa anafikiri nini, na sikumuuliza mpaka alipokufa. Akavua koti, akampa mkewe. Restituta akaweka ngata yake kichwani, akapiga goti. Aloyce akainama, akashika tita upande mmoja, mwanamke mwingine upande wa pili, wakainua. Nilimwona amekumbuka namna, anainua kwa mapaja na siyo kwa mgongo, kama alivyofundishwa na mama yake. Maji ya majani yakamtiririka kifuani. Restituta akasimama wima, mzigo umekaa, akalielekea geti.

Hakupita. Fundi wa mjini alikuwa amelipima kwa mabega ya mtu. Mzigo uligonga nguzo huku na huku, na Restituta akabaki amesimama, uso ndani ya majani, anangoja. Hilo sikulipanga. Namshukuru fundi.

Sasa mzigo uko kichwani na aliyeutwika ni Aloyce. Kumwambia autue tena hawezi, mkewe na wanawe wako pale, na wale wanawake wengine wote wanamtazama. Akageuka, akaniita kwa jina ambalo hakulitumia tangu tulipokuwa watoto.

"Gaude. Lete sururu."

Nililing'oa lile geti mwenyewe, nguzo moja Aloyce ameshika, nyingine Erick. Restituta akapita. Kisha Aloyce akawatwika waliobaki, mmoja baada ya mwingine, hakumwachia mtu mwingine hata mmoja. Kanisani siku ya Krismasi alishindwa kupiga magoti kwa ajili ya mgongo. Kuniachisha kazi hakukuzungumza tena. Wala hakunisemesha mpaka mwaka mpya.

Erick na mimi tulipanua pale panapobana, tukachimba mahali pa kupishania, na wageni wakaanza kufundishwa kabla ya kushuka: ukisikia "pisha," panda ukingoni upande wa juu, simu mfukoni. Wakala wa Arusha aliendelea kuleta watu. Erick alipohamia kazi nyingine alikuja kuniaga nyumbani, akanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa adabu ingawa niliona haikumpendeza.

Hayo ndiyo yaliyoachwa kwenye hotuba. Nisingejisumbua kuyaandika, ila wiki iliyopita Restituta alikuja kunieleza kwamba watoto wa Aloyce, walioachiwa kambi, wameleta fundi na futi kamba upande wa korongo. Anasema safari hii watapima kwa upana wa mzigo ili tusipate la kusema, na ufunguo atapewa mmoja wenu.

Mimi sasa sina mwajiri wa kunitisha. Nina ng'ombe mmoja, na kila asubuhi nashuka korongoni na wifi yangu kama nilivyoshuka kabla ya mahema. Wekeni geti lenu, jembamba au pana. Nitafika hapo wageni wenu wakiwa kwenye chai, nitatua mzigo wangu, nitaketi, na wewe utakayekuwa na ufunguo utakuja kunitwika.